Awasi Ipewe Sanamu, Lakini Isiwe ya Mheshimiwa

Wasee wa Awasi, Ahero, Katito, Kondele, na wewe unayesoma hii ukiwa umebanwa kwa matatu ya Kericho, leo niko na stori ya sanamu. Najua haisikiki kama stori tamu. Nipe dakika chache tu.

Juzi niliuliza swali kwenye status yangu: kama Awasi ingepewa sanamu moja tu, iwekwe hapo barabarani kila gari ikipita iione, ungetaka iwe ya nani au ya nini? Majibu yalikuja mbio kuliko nikiposti kazi yangu yoyote. Wengi walitaja wanasiasa. Wengine walitaja wanamuziki wa benga. Mmoja alisema samaki, akaambiwa samaki ni wa watu wa Dunga, sisi huku Kano ni watu wa mchele na miwa. Halafu kuna yule jamaa ambaye hakosi kwa komenti: "Sanamu ya kazi gani na mvua ikinyesha tunaogelea? Tuletee mtaro." Nitakujibu, buda. Ngoja kidogo.

Kitu kilichonishangaza ni hiki. Hakuna hata mmoja aliyetaja mtu anayetengeneza kitu kwa mikono. Hakuna aliyesema fundi, mchongaji, mfinyanzi wala mshonaji. Enyewe hata mimi, mtu ambaye anakula kwa kutengeneza vitu, singemtaja kama wikendi hiyo singekuwa nimetoka kumsalimia dani.

Kwa hivyo wacha niseme msimamo wangu mapema: Awasi ikipata sanamu, nataka iwe ya mwanamke aliyepiga magoti akifinyanga chungu, na chungu chenyewe kiwe bado hakijaisha.

Sio sanamu ya mwanamke fulani mwenye jina. Kuna sanamu za watu, kama ya Dedan Kimathi pale Nairobi, na kuna sanamu za fumbo, ambazo mtu unayemwona anasimamia wazo. Ukitaka kuona sanamu ya fumbo iliyoshika vizuri, angalia noti yoyote ya Uganda ya toleo lililoanza 2010. Kuna mama aliyefungwafungwa mwilini, ameinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono. Hiyo ni sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala, ya mwaka wa 1962. Yule mama hana jina. Ni nchi yenyewe inayotoka kifungoni, na mtoto ni taifa jipya. Hakuna mtu anasimama pale akiuliza, "Huyu ni mama wa nani?" Kila mtu anaelewa.

Sasa swali la mtihani: nani aliitengeneza? Ni Gregory Maloba, Mkenya, mtu wa huku huku Magharibi, pande za Mumias. Aliondoka akiwa kijana akaenda kusoma sanaa Makerere, akawa mwalimu huko, baadaye akarudi kufundisha Nairobi. Watu milioni kadhaa wanatembea na kazi yake mfukoni, wananunua nayo rolex na matoke, na mimi nilimaliza shule ya msingi na sekondari bila kusikia jina lake hata mara moja. Nilijua majina ya magavana wa kikoloni kwa mpangilio. Jina la Maloba nilikutana nalo nikiwa kwa simu, saa saba usiku, nikitafuta kitu kingine.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Tunapenda kitu kilichotengenezwa, lakini aliyekitengeneza hatuna haja naye.

Neno moja, kazi mbili

Turudi kwa dani. Nilienda na simu na ile taa yangu ya duara, nataka kurekodi kontenti ya "maisha ya zamani". Unajua zile video: bibi, jiko la kuni, muziki wa taratibu, watu wa Nairobi wanalia kwa komenti. Dani alikuwa mfinyanzi miaka mingi. Hakuzaliwa akijua. Aliolewa, na mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha, vile wafinyanzi wengi wa Kijaluo walivyojifunza. Unafika kwa boma la bwana, unafundishwa udongo wa hapo, unajua shimo zuri liko wapi.

Alinieleza hatua kwa hatua. Unachimba udongo, unautoa mawe na mizizi. Unauchanganya na vipande vya chungu cha zamani vilivyosagwa, ili usipasuke kwa moto. Unausokota kama kamba nene, unaizungusha kamba juu ya kamba, unalainisha kwa kipande cha kibuyu. Kabla haijakauka unaviringisha uzi uliosokotwa pale shingoni, unaacha alama. Unaanika kivulini siku kadhaa, juani kinapasuka. Mwisho unachoma nje, kuni chini, nyasi juu, na unaomba upepo usigeuke. Kazi ya wiki nzima inaweza kuisha kwa upepo wa dakika tano.

Nikamuuliza, kwa Dholuo, hiyo kazi inaitwaje. Akanicheka. "Nyakwara, hujui? Ni *chweyo*."

Nikanyamaza. Kwa sababu *chweyo* nalijua, lakini nalijua la kanisani. Kwa Dholuo, Mungu akiumba mbingu na nchi, neno ni hilo hilo. Mungu anaitwa *Jachwech*, Muumba. Na mama anayefinyanga chungu ni *jachwe agulu*. Mzizi mmoja. Wazee wetu hawakuona haja ya kuwa na neno la heshima la Mungu na neno la chini la mama mwenye udongo kwa magoti. Kutengeneza kitu kutoka kwa kitu ambacho hakikuwa kitu, kwao, ilikuwa kazi ya aina moja.

Na si Wajaluo peke yao. Wamakonde, wale wachongaji wa mpingo wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, wana masimulizi kuhusu mtu wa kwanza aliyekuwa akiishi peke yake porini. Akachonga mti, akatoa umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya makao yake. Usiku ukapita, asubuhi lile umbo lilikuwa mtu mzima anayepumua. Kwa hivyo kwa Wamakonde jamii yote ilianzia kwa mchongaji. Mtu wa kwanza hakuwa mfalme wala mpiganaji. Alikuwa fundi.

Ndio maana sitaki sanamu ya mheshimiwa. Mheshimiwa ni wa miaka mitano. *Chweyo* iko kwa lugha yetu tangu hatujui lini.

Mtu aliyeacha ofisi kubwa

Kuna mahali Kenya ambapo wazo hili limeshafanywa, na niligundua nikiwa katika siku mbaya zaidi ya maisha yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Nairobi. Sitataja chuo, na sitaki kukipaka matope. Karo ilikwama, nikakosa mitihani, na siwezi danganya, hata moyo ulikuwa umeshatoka kwenye kozi. Siku niliyoamua sirudi darasani, nilitembea tu bila mpango nikajipata City Park, pale Parklands, kwenye miti mikubwa na tumbili wanaonyang'anya watu ndizi. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa nilie bila kuonekana. Nikaingia sehemu yenye makaburi na sanamu za mawe na za chuma.

Lile ni kaburi la Joseph Murumbi. Kama jina hilo halikuambii kitu, ni sawa, nami halikuniambia. Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka wa 1966, Murumbi ndiye aliyeshika kiti. Alikikalia miezi michache tu, naye akajiuzulu mwaka huo huo. Mtu wa pili kwa ukubwa nchini! Akaenda kufanya nini? Kukusanya sanaa. Vinyago, vitambaa, vito, vitabu, kutoka Afrika nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha na Alan Donovan jumba la sanaa la African Heritage. Sehemu ya vitu vyake iko mpaka leo ndani ya jengo la Kumbukumbu za Taifa, lile ambalo sisi wote tunaliita Archives na tunalitumia kama mahali pa kukutana na mtu kabla ya kupanda gari. Umesimama pale nje mara ngapi? Umeingia ndani mara ngapi? Haya.

Murumbi alifariki 1990, akazikwa City Park karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa 1965. Na juu ya kaburi la aliyekuwa makamu wa rais hawakuweka sanamu ya Murumbi akiwa amevaa suti na kuinua mkono. Waliweka kazi za wasanii, wa Kenya na wa Uganda. Mmoja wao ni Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, Kisii, hapa jirani zetu kabisa. Jina la kazi yake, nikilitia kwa Kiswahili changu, ni Ndege wa Amani Akitoka Kwenye Jiwe la Kukata Tamaa.

Sikujua yote haya siku ile. Niliona tu jiwe, na ndege anatoka kwa jiwe. Lakini nilikaa pale muda mrefu. Sanamu yenyewe ni ya amani, jina linasema hivyo. Mimi niliona kitu kingine. Niliona kwamba kuna mtu aliangalia jiwe zito, lisilo na maana, akasema humu kuna ndege, kisha akafanya kazi mpaka sisi wengine tukamwona. Nilihitaji kusikia hivyo siku ile kuliko ushauri wowote niliopewa na mtu mwenye mdomo.

Huyo huyo Ong'esa ana ndege mwingine wa jiwe kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris. Jiwe la Kisii liko Paris, watu wanapita nalo wakienda mikutano. Kutoka Awasi hadi Tabaka ni safari ya nusu siku ukihesabu na kungoja gari ijae. Na kwenye barabara yote hiyo utaona mabango mangapi yenye sura za viongozi, na mangapi yanayokuambia kwamba huku ndiko anatoka mchongaji ambaye kazi yake iko Paris? Ukipata hata moja, nitumie picha.

"Sanamu hailiwi"

Sasa buda wa mtaro, nimekuja kwako.

Uko sahihi, na sitajifanya sikuelewi. Mimi pia naishi hapa. Nimebeba viatu mkononi. Najua Nyando ikifura vile inakuwa, watu wanahamia shuleni na godoro kichwani. Mtu akiniambia tuchukue pesa za dawa au za mtaro tujengee sanamu, nitakuwa wa kwanza kumrekodi na kumwanika. Mtaro kwanza.

Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu kitu kimoja. Hatuishi mahali pasipo na picha za kulipiwa. Kila mradi una bango, na kila bango lina sura. Kisima kina sura. Choo cha soko kina sura. Malango ya kukaribisha watu mjini yana majina. Pesa ya kuonyesha watu nani ni mkubwa ipo tayari na inatumika kila mwaka. Sijaomba pesa mpya. Nauliza tu ni nani anastahili kuonyeshwa.

Halafu kuna sheria. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 11, inasema utamaduni ni msingi wa taifa, na inaipa serikali wajibu wa kukuza sanaa. Shughuli za kitamaduni ziko kwenye orodha ya kazi za kaunti. Kwa hivyo ukisimama kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti na kuuliza sanaa iko wapi, hujapotea njia. Uko ndani ya Katiba kabisa. Ufaransa, tangu 1951, ukijenga jengo la umma kama shule, asilimia 1 ya gharama ya ujenzi inaenda kwa kazi ya msanii ndani ya jengo hilo hilo. Sisemi tuige kila kitu. Nasema nchi nyingine iliketi chini ikaamua kwamba msanii si mapambo ya kumalizia pesa zilizobaki.

Na kuna namna ya kufanya vibaya, tumeiona. Agosti 2024, Eldoret ikijiandaa kupewa hadhi ya jiji, ziliwekwa sanamu za wanariadha. Mnakumbuka. Sura zilikuwa hazifanani na mtu, mtandao mzima ukacheka, na hazikumaliza siku nyingi kabla ya kuondolewa. Mimi pia nilicheka. Nilitengeneza video, na hiyo video ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya mwezi huo. Leo naiona tofauti kidogo. Tulimcheka msanii siku tatu, lakini sikumsikia mtu yeyote, mimi nikiwemo, akiuliza maswali ya kawaida. Alipewa muda gani? Alilipwa ngapi? Ni nani aliyekagua mfano mdogo kabla ya kitu kikubwa kusimamishwa? Hata tukiwa tunamshambulia fundi, hatukuwa na haja ya kujua lolote kumhusu. Ni ile ile tabia.

Kwa hivyo yangu ina masharti. Shindano liwe wazi, na mifano midogo iwekwe sokoni watu waione na kusema. Msanii alipwe kwa wakati kama mkandarasi yeyote. Wafinyanzi wazee waitwe waangalie mikono ya ile sanamu, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kufinyanga atachonga mikono ya mtu anayekanda chapati. Jina la aliyetengeneza liandikwe kubwa kuliko la aliyekata utepe. Na pembeni yake kuwe na kibanda chenye paa ambapo wafinyanzi wenyewe wanauza, magari ya Nairobi na Kericho yakisimama. Sanamu ya mfinyanzi huku mfinyanzi mwenyewe ananyeshewa itakuwa matusi.

Mfinyanzi hulia gaeni

Hii methali tulisomeshwa wote. Mfinyanzi, mtu anayetengenezea kijiji kizima vyungu, yeye mwenyewe anakula kwa kigae kilichovunjika. Shuleni tuliandika maana yake kwenye daftari, tukapata alama, tukaendelea. Hatukuuliza ni kwa nini. Kwani hawezi kujifinyangia chungu kimoja? Anaweza. Lakini kile kizuri lazima akiuze.

Kwa dani niliona methali hiyo ikiishi. Nilipomuuliza anionyeshe vyungu vyake nirekodi, alikuwa na kimoja tu, *dapi* ya maji, na ina ufa. Vyote vilienda. Nikamuuliza viliendea wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza swali la kijinga.

"Si mama yako alisoma?"

Wasee, mathe ni mwalimu. Mathe ndiye aliyenilia kwa simu nilipoacha chuo, na sina lawama, ni mzazi. Mathe ndiye huniambia kila Krismasi kwamba vitu vya sanaa ni vya kujifurahisha, havilishi mtu. Na karo ya mathe, muhula kwa muhula, ilitoka kwenye udongo wa dani. Ile nyumba ambamo tunaambiwa sanaa hailishi, sanaa ndiyo iliyoijenga. Hatukuwahi kuiita hivyo tu. Tuliiita kazi ya bibi.

Ninaandika hii sasa na si mwaka ujao kwa sababu ya binamu yangu. Yuko Gredi ya 9. Lazima achague njia ya sekondari ya juu: ama sayansi na teknolojia, ama sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Huyu kijana tangu akiwa mdogo anafinyanga ng'ombe wa udongo, na si ng'ombe tu bora ng'ombe. Ukimwonyesha fahali wa jirani, atakuletea yule yule fahali, na ile pembe iliyopinda. Kikao cha familia kilikaa. Anko akasema sanaa ni njia ya watoto waliofeli. Halafu akanielekezea kidole mimi. "Unataka awe kama huyu?"

Iliuma, siwezi kuficha. Na sitaki kukudanganya wewe unayesoma ukidhani nakushawishi uache shule. Usiache. Mimi sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa sababu ya deni na uchovu, na kuna miezi ambayo mapato yangu hayatoshi kununua bando ya kupakia hiyo video yenyewe. Ningepata shule iliyochukulia kitu ninachokiweza kama kitu cha kusomwa, pengine ningekuwa bado niko ndani.

Nilichomwambia anko ni hiki: tusichanganye umaskini wa msanii na thamani ya sanaa. Nigeria kuna mfinyanzi anaitwa Ladi Kwali. Mwanamke wa kijijini, alijifunza kwa shangazi yake, alifinyanga kwa mkono kama dani. Yuko kwenye noti ya naira 20, akiwa kazini na chungu chake. Mkenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, alikwenda Abuja miaka ya 1970 kujifunza kwenye kituo kile kile alichofanyia kazi Ladi Kwali, na leo vyungu vyake viko kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Ukiangalia vyungu hivyo, vimejengwa kwa mkono, bila gurudumu, vikalainishwa kwa subira ile ile. Dani angevitambua mara moja. Nilimwonyesha kwa simu. Aliangalia kimoja muda mrefu, akasema, "Huyu anajua moto."

Na serikali yetu yenyewe inajua kwamba kutengeneza ni kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilituwekea sisi watu wa kontenti kodi ya zuio ya asilimia 5. Mswada ulikuwa umetaka 15. Kwa hivyo wakati wa kukatwa, sisi ni wafanyakazi. Wakati wa kuheshimiwa, sisi ni watoto waliokataa shule. Chagueni moja.

Binamu bado hajachagua. Fomu iko mezani kwa anko. Ndio maana hii sanamu kwangu si stori ya urembo wa mji. Fikiria huyu kijana amekulia Awasi ambapo kila siku, akienda shule, anapita chini ya mwanamke mkubwa wa jiwe aliyepiga magoti, mikono ndani ya udongo, na watu wazima wanasema, "Tukutane pale kwa Jachwe." Fikiria anko amepita hapo miaka ishirini. Je, angelisema lile neno kwa urahisi ule? Sijui. Lakini najua alipita miaka ishirini chini ya mabango ya waheshimiwa, na anataka kila mtoto wa familia hii awe wakili.

Kuhusu chungu kutoisha: mtu aliniuliza kwa nini, si watu watasema pesa zililiwa? Watasema, hii ni Kenya. Lakini nataka kisiishe kwa sababu chungu kilichoisha kinakufanya ufikirie maji. Ambacho hakijaisha kinakufanya umfikirie aliyekishika.

Kabla sijaondoka kwa dani nilimwonyesha video niliyokata. Akauliza itakaa wapi. Nikamwambia kwa simu, na kwa mtandao. Akauliza, "Na simu ikianguka?" Sikuwa na jibu. Kisha akaniambia nikirudi nije na nguo za kuchafuka, atanifundisha, kwa sababu mwanamke wa mwisho aliyemfundisha ameshaacha. Narudi Jumamosi. Nitabeba binamu.

Wewe naye nikuachie kazi ndogo. Tafuta kitu kimoja nyumbani kwenu kilichotengenezwa kwa mkono: kiti, kikapu, chungu, mkeka, chochote. Uliza nani alikitengeneza. Kama kuna mtu anajua jina, liandike hapo chini. Na kikao kijacho cha bajeti cha wadi kikiitishwa, twende. Buda wa mtaro, wewe ongea kwanza. Mimi nitaongea nyuma yako.